Bomba la Pikapu Lilizima Kilio Changu kwa Dada

Admin, jina langu weka mbali, lakini maneno usipunguze. Mimi ni nyanya wa miaka sabini na kidogo, mjane, naishi karibu na Nagongera huku Tororo, Uganda. Shule niliacha darasa la nne, kwa hiyo mwenye kutafuta makosa ya herufi atafute. Mimi natafuta mtu mwenye akili.

Nina mjukuu niliyemlea tangu mama yake afariki. Sasa ni mtu mzima, ana ndevu na mke mjamzito. Marehemu mzee wangu aliniachia pikapu, na huyo mjukuu ndiye anayeiendesha. Tunapeleka karanga na mihogo Busia, tunarudi na sabuni na mafuta ya kupikia. Ilikuwa gari yenye adabu. Ungeweza kusinzia ndani yake.

Basi akaenda kwa fundi mmoja upande wa Kenya, wakakata sailensa, lile kopo la chini linalomeza kelele, wakaweka bomba nene la moshi linalong'aa kama jino la dhahabu la mlevi. Aliporudi nilidhani trekta imeingia kwenye mihogo yangu. Kuku walihama boma. Yeye anashuka anacheka, ananieleza eti sasa injini inapumua, eti akiachia mafuta inapiga kama bunduki. Nikamuuliza kama imeongeza hata gunia moja la mzigo. Akasema, "Nyanya, hii ni sauti, si mzigo." Ningemwita ng'ombe, lakini ng'ombe hutoa maziwa.

Hayo ningevumilia. Kisha dada yangu mkubwa akafa kule Molo, hii yetu ya Tororo. Kwetu mwanamke haingii msibani kimya kama mwizi. Unaanza kulia ukiwa bado barabarani, unamwita marehemu kwa majina yake, na walioko nyumbani wanakutambua kwa sauti kabla hawajakuona. Ukishavuka ua umemaliza, unaketi na marehemu, kilio cha njiani hakirudiwi mpaka siku ya kuondoa matanga. Na sauti yangu ilikuwa inajulikana. Nilitoa kichwa dirishani tangu njia panda, nikamlilia dada, nikamkumbusha mtungi wa mama tuliovunja tukagoma kusema ni nani. Na huyu mjukuu wangu, kwa heshima zake za Busia, akakanyaga mafuta, bomba likapiga mpaka uani, vile vijana wa boda wanavyofanya wakimzika mwenzao. Nilishuka kilio changu nimekimaliza njiani.

Baada ya mazishi binti mkubwa wa dada akaniita kando. Akaniambia, "Mama mdogo, gari tulisikia. Wewe hatukukusikia."

Tumbo la mama yetu nimebaki peke yangu, na leo inasemwa nilikuja na macho makavu. Wiki ijayo watoto wa dada wanaondoa matanga, na wameshapitisha kwamba nitaketi kwenye hema na wageni, si ndani na wenye msiba. Na haohao walipiga picha na lile bomba siku ya mazishi. Haohao wamemwomba mjukuu awaletee viti na masufuria kwa gari ileile. Hata nikipanda boda nianze kulia, yeye atakuja nyuma ananguruma.

Nilimwambia arudishe sailensa. Akanijibu bila aibu, "Lakini Nyanya, bomba lilikulilia. Molo yote ilisikia."

Bomba. Bomba lilimjua dada yangu wapi? Lilibebwa mgongoni naye? Anadai maharusi wa Busia wanamkodi kwa ajili ya sauti hiyo, na nikiligusa bomba atahamia Kenya na mke wake, na huyo mtoto atazaliwa huko nisimwone. Mke naye kando anatikisa kichwa kama mjusi ukutani.

Sailensa ya zamani ninayo chini ya kitanda, na gari ni yangu. Nikimwita fundi airudishe, nitaingia Molo nikisikika, wanirudishe ndani, lakini nitarudi kwenye boma tupu. Nikiacha, nitaketi kwenye hema nyumbani kwa dada yangu wa damu, kama mtu aliyepita kuuza sabuni. Msiniambie nisamehe, hilo nasikia kanisani kila Jumapili. Niambieni, kati ya haya mawili nishike lipi? Na mjibu mapema. Koo langu nimeshaanza kulinywesha asali.