Mboga Aliyosema Daktari

Miezi minne baada ya kumzika mume wangu nilitoka Nyololo kwenda Iringa mjini kufuatilia mirathi. Mchana njaa ikaniuma, nikaingia kwenye mgahawa mdogo wa uchochoroni, wenye meza tatu. Niliuchagua kwa sababu sikutaka kukutana na mtu wa kunipa pole.

Mwenye mgahawa, mama wa makamo, alinisalimia kwa Kihehe, "Kamwene," akaninawisha mikono kwa maji ya moto. Nikaagiza ugali, nikauliza kuna mboga gani. Akataja mnafu, majani ya maboga, maharage na njegere. Nikasema hayo nimesikia, mimi naulizia mboga.

Dereva wa lori aliyekaa meza ya pili akacheka. "Dada, hapa ng'ombe hakanyagi. Huyu mama ni Msabato, nyama anaisikia kwa jirani."

"Na wewe kila siku unafuata nini?" mama akamjibu.

Hata mimi nilitabasamu. Kisha mama akaniletea ugali na mnafu, akaniambia nisione aibu, wengi hukosea. Sisi tunaita mboga chochote cha kulia ugali, hata nyama. Waliosoma wana yao. "Hata hospitali wakikwambia mboga, wanamaanisha majani haya."

Tonge likabaki mkononi.

Mume wangu aliugua sukari, ikashika figo. Daktari aliniambia nimpunguzie ugali, nimwongezee mboga. Nikamwongezea. Nilichinja kuku wetu wote, walipoisha nikawa napita buchani kila siku. Mwishoni alikuwa akiniomba mchicha tu. Nilimsukumia bakuli la nyama nikamwambia, "Kula, baba watoto, daktari ndiye amesema." Akala.

Nilimweleza yule mama, kwa sauti ya chini. Akasema ugonjwa ule huwaua hata wanaofuata masharti. Labda ni kweli. Hakuna wa kunihakikishia, na daktari nikimuuliza sasa atanijibu kwa huruma.

Akaniongezea mnafu bila kuniuliza. Nilimaliza wote, maana ni vibaya kuacha chakula cha mtu aliyekupokea vile. Ulikuwa mtamu, umeungwa kwa karanga. Angeupenda.

Wanangu huwaambia wageni kwamba nilimtunza baba yao, kwamba hakukosa nyama hata siku moja. Wageni hunisifu. Mimi hukaa palepale nikiwasikiliza, na mpaka leo sijaweza kuwasahihisha.