Pedeli Aliyoikaza Mama

Klachi ikiungua hunuka kama kwato iliyotupwa motoni. Wenzangu huziba pua. Mimi huivuta harufu ile mpaka iishe.

Tulipoanua matanga ya baba, baba mdogo alikuja kuchukua gari letu, akamwambia mama: "Shemeji, kwa miguu mifupi hiyo klachi utaifikia wapi?" Watu walicheka. Mama, aliyeliendesha mwenyewe kupeleka mahindi sokoni Laela kila mavuno, akaomba tu alifute vumbi kwanza.

Nyuma ya nyumba nilimshikia spana. Alilala chini ya gari na kitenge chake cha msiba, akakaza nati ya waya wa klachi mpaka pedeli ukiigusa kidogo tu, klachi inaachia. Alijua shemeji yake huendesha mguu umeegeshwa pale muda wote, na klachi iliyoachia nusu hujisugua mpaka iungue. Kisha akapiga goti, akamkabidhi funguo kwa mikono miwili.

Jioni baba mdogo alirudi kwa miguu. Klachi ilikuwa imeungulia kwenye kilima cha Mpui, na koti lake lilinuka. Mama alimpa togwa ya ulezi, akauliza kwa upole:

"Shemeji, miguu mirefu imefika salama?"