Udi wa Wifi Yangu

Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, haiwezi kabisa harufu ya salfa, ule unga wa njano tunaopulizia mikorosho. Anakaa Rahaleo, mjini, na kila nikitoka kijijini kwetu Ziwani kumtembelea hunipokea mlangoni ameziba pua. "Karibu, mke wa mikorosho! Pita bafuni kwanza." Nami humjibu kwamba korosho anazotafuna hazikujipulizia dawa zenyewe. Ndio utani wetu tangu nilipoolewa na kaka yake.

Mwaka jana nilifika kwake sina hamu ya utani. Kikohozi kilikuwa kimeniganda kwa miezi kadhaa. Zahanati walinipima kifua kikuu wakakuta sina, wakaniambia nikamwone daktari bingwa wa mapafu mjini, niende na dawa zote nilizotumia, nieleze na kazi ninayofanya. Nikisema napulizia mikorosho, ataniambia niache. Na mikorosho ile ndiyo iliyonilisha na wanangu tangu baba yao afariki. Nikaamua nitasema nalima mihogo, basi.

Wifi alinihangaikia kama bibi harusi. Alinipangia dawa kwenye mkoba, na asali na tangawizi humo humo, kisha akachukua gauni na mtandio wangu. "Huendi kwa bingwa unanuka salfa. Watasema huna ndugu." Akatia udi kwenye chetezo, akafunga dirisha, akazifukiza nguo zangu. Kwake mtu haendi mahali pa heshima bila kufukizwa. Nami nilifurahi, maana udi ungeificha salfa.

Hee! Ile kuingiza kichwa kwenye gauni tu, kifua kikabana. Pumzi haiingii, haitoki. Wifi alipiga yowe, akanivuta mpaka uani, akanivua gauni, akanifunga kanga yake, akanishika mabegani mpaka nikaanza kupumua. Alikuwa analia.

"Nusura nikuue, wifi yangu, kwa udi!"

"Salfa imenishindwa, udi utaniweza?"

Hakucheka. Akaniuliza kama shambani pia hubanwa hivi. Nikamwambia ukweli, kwamba msimu uliopita nilianguka chini ya mkorosho, mashine ya kupulizia ikiwa mgongoni.

"Mficha maradhi, kilio humuumbua," alisema. "Kesho mweleze yote. Usipomweleza, namweleza mimi."

Jioni ile alifua nguo zangu upya, akafua na mapazia, mashuka na kanga zake, kila kilichoshika udi. Na ni mwanamke ambaye nyumba yake unaijua kwa harufu kabla hujabisha hodi! Nililala vizuri, nikamshukuru Mungu kwa ajili yake.

Asubuhi nilimweleza bingwa kila kitu, wifi yuko pembeni. Jibu likawa lile nililoliogopa. Ni pumu. Dawa ya kuvuta ipo, lakini vumbi la salfa, hapana tena.

"Sasa nani atanipulizia mikorosho?" nilisema, machozi yananitoka.

"Hilo si la daktari," wifi akanijibu. "Twende nyumbani."

Msimu ulipofika, alikuja Ziwani na vibarua, kanga ameifunga puani, akasimama nao alfajiri tangu umande haujakauka hadi mkorosho wa mwisho. Mimi aliniacha nyumbani, mbali na shamba. Aliporudi alikuwa wa njano mpaka kwenye nyusi. Niliinuka mbio kumkumbatia, jamani, nimshukuru.

"Koma hapo hapo!" alinipigia kelele. "Nanuka. Ngoja nipite bafuni kwanza."