Siku Niliyoposa Kitabu Ilongero

Naona aibu hata kuliandika hili, lakini kwa kuwa nusu ya Ilongero wanalisimulia na kila mmoja ameshaongeza chumvi yake, bora mlisikie kwangu mwenyewe: mimi ndiye yule kijana wa Mwankoko aliyekwenda kuposa kitabu.

Nianze na ugonjwa wangu. Ninakusanya vitabu vya zamani vya picha, vile vikubwa vizito vilivyochapwa Ulaya enzi hizo, ambavyo ndani hakuna hadithi wala mahubiri, kuna nakala tu za michoro ya mafundi wakubwa wa kale: mkono ulioshika fimbo, mkunjo wa shuka, farasi aliyegeuza shingo, na watu wengi ambao (sijui kwa nini) hawakupewa nguo. Sikusoma chuo chochote cha sanaa. Nilijifunza kuchora kwa kunakili kitabu kimoja cha aina hiyo nilichokiokoa mnadani kwa muuza karanga, aliyekuwa karibu kukichana afungie karanga zake, na kwa kuwa mimi nikichora kidole kikapinda kidogo silali, nilikinakili chote, ukurasa kwa ukurasa, mpaka mama akauliza kama kitabu hicho hakina mwisho. Mwisho kinao, na tatizo ndilo hilo. Mgongoni kimeandikwa namba moja, maana yake mahali fulani duniani ipo namba mbili, na mimi siwezi kuishi na kitu nusu.

Sasa rafiki yangu Shabani, dereva wa bodaboda, akapeleka godoro kwenye nyumba moja Ilongero, akarudi akaniambia ameona sebuleni kitabu kama changu, jalada lile lile, namba mbili. Kilikuwa cha marehemu babu wa pale, seremala wa misheni, aliyeachiwa na padri mmoja aliyerudi kwao. Shabani akanionya nisije nikataja neno kununua, mali ya marehemu hainunuliwi, nitafukuzwa. Niombe kwa adabu.

Adabu. Mpe mtu mwenye wasiwasi neno kama hilo uone. Nikaandaa maneno, nikayasema mbele ya kioo mpaka mdogo wangu akayakariri, nikaazima koti, nikafunga sukari na majani ya chai ndani ya kitenge kipya kuwa zawadi ya bibi mwenye nyumba, na mfukoni nikatia glavu nyeupe, maana nilisoma mtandaoni kwamba kitabu cha zamani hakishikwi kwa mikono mitupu.

Tulipofika nikakuta ua umefagiliwa, viti vimepangwa, kuku ananukia jikoni. Nikajiambia watu wa huku ni wakarimu. (Mtu mwenye akili angeuliza.) Shabani akabaki nje na pikipiki yake. Nikamwamkia bibi shikamoo, nikamwamkia na mzee aliyejitambulisha kuwa ni mjomba, kitenge changu kikapokelewa kwa mikono miwili na kupelekwa ndani, wanawake huko ndani wakachekacheka kwa furaha, nami nikaona mambo yanakwenda.

Mjomba akaniuliza kama nimekuja peke yangu. Nikasema ndiyo, niliona nisimsumbue mtu kwa haja yangu mwenyewe. Akatikisa kichwa, akamwambia bibi kitu kwa Kinyaturu (Kinyaturu changu kinaishia kwenye salamu), kisha akaniambia haya, sema.

Nikasimama.

"Wazee wangu, nimesikia humu ndani kuna kitabu. Kimetunzwa vizuri, hakijazunguka mikononi mwa watu. Nimekuja kwa heshima kukiomba, nikakae nacho."

Mnajua jinsi posa inavyosemwa kwetu. Hakuna anayemtaja msichana. Utasikia ua, utasikia jiko, utasikia ndama aliyepotea. Mimi pia najua, nimeshahudhuria, ila siku hiyo kichwani mwangu kulikuwa na kitabu tu. Mjomba akatabasamu.

"Kitabu kipo," akasema. "Kimesoma mpaka chuo cha ualimu."

Nikadhani mzee kateleza ulimi, nikaitikia kwa adabu. Akauliza kama nyumbani kwetu wanajua. Nikasema mama anajua, alilalamika kidogo kuhusu nafasi, lakini nimeshamtuliza.

"Nafasi ya nini?" bibi akauliza.

"Maana ninacho kingine, bibi. Hiki kitakuwa cha pili. Nitavilaza pamoja juu ya kabati."

Vicheko vya ndani vikakatika. Mjomba akaniuliza, taratibu sana, kama nimesema cha pili. Nikaona labda wanahofia sitakijali, nikaeleza kwa bidii kwamba cha kwanza nimeshakimaliza chote, nakijua kwa kichwa, sasa nahitaji kingine, na hata kama hiki kimezeeka mimi sijali, ila kabla sijaondoka naomba nikifungue hapo hapo mbele yao nikikague, kwa sababu vingine kwa nje vinapendeza kumbe ndani mchwa wamemaliza. Na ili waone kwamba mimi ni mtu wa usafi, nikatoa glavu nikaanza kuvaa.

Bibi akasimama. "Kijana, sisi ni watu wa kanisani."

Nikajibu kwamba hata mimi.

Hapo mlango wa ndani ukafunguka, akatokea binti aliyejitanda khanga mpya, akanitazama kuanzia viatu mpaka glavu.

"Mjomba, huyu siye," akasema. "Huyu simjui kabisa."

Kabla sijapata pa kujificha, wakaingia wageni wenyewe, waliochelewa kwa sababu ya pancha, wakiongozwa na mshenga mwenye koti (lake lilimtosha). Akasafisha koo, akaanza kusema wamesikia humu ndani kuna ua.

"Ngoja kwanza," mjomba akamkata. "Ua gani? Taja jina."

Ilibidi nieleze mbele ya wote, jasho likinitoka, glavu moja mkononi, nikionyesha kwa kidole cheupe kitabu kilichokuwa kwenye rafu chini ya redio. Kisha bibi akacheka mpaka akarudi kukaa, na nyumba nzima ikamfuata, bi harusi mtarajiwa akiwa wa kwanza. Shabani alikuwa amechungulia mlangoni.

"Kaka," akasema, "leo umejichora."

Miaka yote hii najifunza kuchora, na mchoro ulionitoka bila kasoro ni huo.

Bibi akafuta machozi. Akaniambia kitabu cha marehemu hakiwezi kutoka siku moja na mjukuu wake, nirudi siku nyingine, tena nilete mtu mzima wa kunisemea. Nikarudi mikono mitupu, hata kitenge sikurudishiwa.

Wiki iliyofuata nilimpeleka mama. Nilitaka kumfundisha maneno njiani, akakataa kunisikiliza. Akamwamkia bibi, akakaa, akasema, "Mwanangu anataka kile kitabu cha picha." Bibi akasema chukua. Basi. Kiti cha mama kilikuwa hakijapata joto.

Tangu hapo nimeapa: nikitaka kitu, nasema nataka kitu fulani, nanyamaza, na koti la kuazima sivai. Vitabu viwili vimelala juu ya kabati, namba moja na namba mbili, seti imekamilika. Ila mama hakiiti hicho cha pili kitabu tena. Jana tu, mbele ya wageni, kaniita kutoka sebuleni: "Njoo umpanguse bi mdogo, ameshika vumbi."