Chanjo ya Mafua na Sauti ya Kukodiwa

Kazi yangu ni kutangaza. Wengi hapa Nyeri hawaijui sura yangu, lakini sauti yangu wanaijua. Ndiyo iliyowaambia bei ya magodoro imeshuka, ndiyo iliyowaita kwenye mikutano ya injili, na wakati wa kampeni imewasifu wanasiasa ambao singewaachia hata ufunguo wa nyumba yangu. Nakaa ndani ya pikapu yenye spika juu, dereva anaenda polepole, mimi naongea. Natumia Kiswahili kwa sababu nimetoka upande wa Meru nikaolewa huku, na Kikuyu changu huwachekesha watu.

Mwaka juzi, baridi ilipoanza kuuma, nilikodiwa kuwaita watu wakachanjwe dhidi ya mafua ya msimu. Waliotakiwa hasa ni wazee, wajawazito na wagonjwa wa kifua, sukari na moyo. Nesi aliyesimamia kazi hiyo alinieleza jinsi mafua hayo yanavyoweza kumshukia mzee kifuani yakawa nimonia. Sikuhitaji kuelezwa mara mbili. Mamangu alikufa hivyo. Mimi mwenyewe nina pumu, kwa hiyo nilikunja mkono wa sweta nikachanjwa kwanza.

Nikaanza kutangaza kitu ninachokiamini, na sikumbuki kama niliwahi kufanya hivyo kabla. Watu walisikia sauti ile ile ya magodoro.

Majengo, mtaa ninaokaa, mama mmoja wa chapati aliniuliza, "Leo nayo unauza nini?"

"Siuzi, mama. Ni chanjo, na ni bure."

"Ya korona pia ilikuwa bure," akasema, akageuza chapati yake.

Sagana, madereva wa malori walipiga honi mpaka nikanyamaza. Nanyuki, mwanamume mmoja alituambia twende tuwachanje kwanza wale wanajeshi wa Uingereza wanaofanyia mazoezi huko, ati wakipona ndiyo turudi kwake. Watu walicheka. Nesi naye alicheka kidogo, kisha akaangalia nje ya dirisha.

Ijumaa moja tulikuwa kwenye dispensari ya kijiji kilicho juu ya Nyeri. Asubuhi nilikuwa nimepita nikitangaza kwamba tutakuwa hapo mpaka saa kumi. Mpaka adhuhuri walikuwa wamekuja wanawake wachache tu. Kituo kingine kikapiga simu, kikasema kina watu wanaongoja na chanjo imeisha. Nesi akachukua kisanduku cha barafu chenye chanjo zetu, wakaondoka na dereva kwa pikapu. Mimi nikabaki kwenye benchi niwangoje.

Ndipo wakaja mzee na mkewe. Mzee alikuwa amemshika mkewe kwapani. Mama alikaa karibu yangu, na nikasikia kifua chake kikilia kama changu kinavyolia siku mbaya.

"Tumefika," mzee akasema, akavua kofia. Kiswahili chake alikijulia kwenye ranchi za Nanyuki, alikopika miaka mingi. "Ni wewe ulikuwa unaongea na gari. Nimejua hiyo sauti."

Nilimpigia nesi simu. Alikuwa ameshafika kule na chanjo ilikuwa inaishia mikononi mwake. Akasema warudi wiki ijayo.

"Lakini si ulisema mpaka saa kumi?" mzee akaniuliza. Hakuwa na hasira. Alitaka tu kujua kama alisikia vizuri.

"Nilisema, mzee. Poleni sana."

"Huyu hawezi kuja tena. Tumekuja tukipumzika kila mahali kuna jiwe ya kukalia."

Nikawaahidi kwamba tutawafuata nyumbani kwao, nikauliza njia. Wakashukuru wote wawili. Wakarudi kwa miguu, na gari sikuwa nalo.

Wiki iliyofuata tulienda. Mama alikuwa kitandani, amefunikwa mablanketi yote ya nyumba, mwili unawaka moto. Nesi alimpima, akaniambia kwamba chanjo si ya leo, huyu ni wa hospitali. Tulimpeleka kwa ile pikapu, spika zikiwa zimezimwa. Alifia wodini kabla ya Jumapili.

Nesi aliniambia kwamba hata angechanjwa ile Ijumaa, kinga huchukua kama wiki mbili kujijenga mwilini, kwa hiyo huenda isingemfaa. Alitaka kunifariji. Nilichosikia ni kwamba tulipaswa kuwa kijijini humo mapema zaidi, na kwamba hata tungekuwapo mapema, hakuna ambaye angekuja.

Mwaka huu baridi imerudi na nimekodiwa tena. Tulipofika kijijini kwa yule mzee nilimwomba dereva asimame, nikashuka nikaenda mpaka mlangoni bila spika.

"Mzee, leo nesi yuko. Gari iko hapo barabarani. Nitakupeleka na kukurudisha."

Alinikaribisha ndani. Alikuwa akikohoa.

"Ya nini sasa?" akasema. "Hiyo dawa ilikuwa yake. Mimi nilikuwa namsindikiza tu."

Nilimweleza yote: kifua, nimonia, pumu yangu iliyonifanya nichanjwe, watoto wake walio mbali. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Kisha akanifungia maparachichi kwenye mfuko, akaniuliza kama pumu yangu inanisumbua na hii baridi.

Nikamwambia inanisumbua kidogo. Dereva alikuwa amewasha gari. Nikapanda, nikashika maikrofoni, nikaendelea kuwaita wengine, na mpaka saa kumi hakuna aliyekuja.