Verna Stiltner na Kibati cha Nyota ya Buluu

Verna Stiltner alikuwa mwanamke mfupi mwenye mabega mapana, na kwa miaka kumi na tisa alibeba machela akiwa mhudumu wa ambulensi katika milima ya makaa ya mawe ya West Virginia. Aliwatoa watu chini ya matrekta, akawatoa madereva kwenye mabati yaliyojikunja. Siku alipofunga kwenye gari lake mwenyewe kibati cha namba wanachopewa wahudumu wa ambulensi, chenye nyota ya buluu na nyoka aliyejiviringisha kwenye fimbo, mumewe Dwight alicheka.

"Sasa kila mwenye kikohozi atakusimamisha barabarani, mama."

"Nyamaza ule maharage yako."

Jumamosi moja ya Aprili, saa sita mchana, alikuwa ubavuni mwa pikapu yake akipakia chakula cha kuku nje ya duka la wakulima. Upande wa nyuma wa gari ukasikika mlio wa chuma kwa chuma. Kugeuka, akamwona Harlan Ratliff, fundi bomba, akikiponda kile kibati kwa spana ya magurudumu.

Verna alimjua. Mwezi Februari, theluji ikiwa imeziba njia, ambulensi ya Verna ilichukua dakika hamsini kufika nyumbani kwa Harlan, mwenyewe akiwa kazini. Walimkuta mkewe, Opal, peke yake, hapumui tena.

"Unatembea na nyota!" Harlan alifoka. "Na mke wangu ukamwacha afe kama mbwa!"

"Harlan, weka chini hiyo spana."

"Usinitaje jina!"

Spana ilishuka. Verna alikinga uso, na mfupa wa kifundo cha mkono ukavunjika ko! Pigo la pili lilimpata begani. La tatu lilimpiga ubavuni akiwa ameshapiga magoti, damu imemjaa mdomoni. Hapo hasira zikampanda, akamrukia kiunoni kwa uzito wake wote. Harlan alirudi kinyumenyume, akaingia mzimamzima kwenye kioo cha duka. Alipojiinua, damu ilikuwa ikimruka mkono wa kulia kwa mapigo, ikichafua magunia.

Verna alimtazama tu. Baadaye alikiri kwa Dwight kwamba kwa kitambo kile alitaka kumwacha.

Kisha akavua mkanda wake, akauzungusha juu ya kiwiko cha Harlan, akaukaza kwa mkono mmoja na meno.

"Niache," Harlan alinong'ona. "Niache nimfuate."

"Utamfuata siku nyingine, mpumbavu we. Si mikononi mwangu."

Alimkandamiza mkono kwa goti, wakaisubiri ambulensi. Watu walisimama mbali, hakuna aliyethubutu kusogea.

"Verna… Opal aliteseka?"

"Sijui. Nilimkuta amelala, blanketi hadi kidevuni. Nilimkandamiza kifua nusu saa, Harlan. Nilimvunja mbavu nikimwita."

Harlan alilia kwa sauti.

Mahakamani wakili wa Harlan alimwomba Verna amwombee mteja wake msamaha. "Nilimwokoa," alijibu. "Inatosha. Amenivunja, aende jela." Harlan akafungwa miezi kumi na minane.

Kifundo kilitiwa vyuma, lakini hakikuweza tena kubeba machela. Verna aliacha ambulensi, akaanza kufundisha watu wa kujitolea kwenye kituo cha zimamoto jinsi ya kuzuia damu.

Miezi michache baadaye barua ilikuja kutoka gerezani, kurasa nne Harlan alizoandika kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa wa kulia haukupona. Verna aliisoma yote, amesimama jikoni. Hakuijibu.