Mayu na Ganda la Bahari

Tope la lambo lina harufu yake: samadi, majani yaliyooza na mvua ya kwanza, vyote pamoja. Kule kwetu Kimali, lambo jipya halikuaminiwa mpaka ng'ombe waingizwe ndani kabla ya mvua kubwa, wazunguke na kukanyaga udongo hadi ushikamane. Wanaume walipiga miluzi, ng'ombe wakalia, nasi watoto tukafuata nyuma tukikanyaga kwa vijiguu vyetu, tukijiona tumesaidia sana. Sakafu ikiwa nyembamba, maji hupotelea chini kabla pamba haijachumwa. Hilo kila mtu alilijua, na ndilo nusura limponze mama yangu.

Mama, ambaye mpaka leo namwita Mayu, aliachishwa shule kidato cha tatu kwa sababu ya mimba. Mimba yenyewe ndiyo mimi, Minza. Nilipokuwa darasa la nne aliamua kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa binafsi, maana bila cheti hicho chuo cha ualimu kisingempokea. Ana kichwa kigumu mama yangu, nami nampenda hivyo hivyo. Jiografia ndiyo iliyomtoa jasho. Mwalimu Zuhura, mgeni kutoka Tanga aliyepanga chumba kwetu, alimfundisha jioni huku wakichambua mboga.

Siku moja Mwalimu alimweleza kuwa ganda la dunia chini ya nchi kavu lina unene wa kilomita thelathini na zaidi, lakini chini ya bahari ni kama saba tu. Mayu akaacha kuchambua. "Yaya!" alikataa kwa Kisukuma. "Mwalimu, bahari yote ile ikae juu ya ganda jembamba namna hiyo? Si ingeshavuja?" Mwalimu alicheka akashika mbavu. Mayu hakucheka. Aligoma kabisa kuisoma sura ile, akisema hawezi kuandika kwenye mtihani jambo ambalo hata ndama wangemcheka. Mimi nilikosa raha. Nilijua shule aliiacha kwa ajili yangu, na sasa nilimwona akiiacha tena kwa ajili ya lambo.

Mwalimu ndiye aliyepata njia. Alijaza maji beseni la kufulia, akaweka humo vipande viwili vya mti mmoja, kimoja kinene na kingine chembamba. Kinene kilichomoza juu. Chembamba kililala karibu sawa na maji. "Mama Minza, ganda la dunia nalo limeelea hivi, juu ya miamba mizito zaidi. La nchi kavu ni nene na jepesi, limesimama juu. La bahari ni jembamba, tena la mwamba mzito, limekaa chini. Maji yamefuata bonde tu."

Mayu alikibonyeza kile chembamba kwa kidole, kikazama kidogo na kurudi. "Kwa hiyo chini hakuna pa kuvujia, ni mwamba tu?"

"Ni mwamba tu."

Tangu hapo aliipenda sura ile kupita zote. Njiani kwenda kuchota maji tulitaja matabaka ya ganda la bahari kwa kupokezana: juu tope lililotua, chini yake basalti ya volkano iliyoganda ghafla ndani ya maji ikavimba mfano wa mito ya kulalia, kisha basalti iliyopanda kwenye nyufa, imesimama wima, chini kabisa gabro, iliyopoa polepole ikapata chembe kubwa. Nikikosea alinifinya sikio, akikosea nilimfinya la kwake.

Alifaulu. Leo Mayu ni mwalimu wa shule ya msingi huko Nassa, nami nimeajiriwa serikalini hapa Bariadi, baada ya kusoma kwa mkupuo mmoja bila mtu kunikatiza. Siku hizi wasichana waliojifungua wanaruhusiwa kurudi darasani. Nawaona asubuhi wakipita na sare zao, nafurahi, na naona wivu kidogo kwa niaba yake. Walimu wenzake hupenda kukumbushana shule walizosoma na rafiki waliokaa nao dawati moja. Zamu ikifika kwake, Mayu hasiti. "Kidato cha nne nilisoma na Minza," huwaambia. Wanadhani ni rafiki yake wa shule, naye hajawahi kuwasahihisha.